Adui Asiye na Rangi Wala Ladha: Floridi ya Mlima Meru na Mtihani wa Watumishi wa Afya na Maji

Msafiri atokaye Arusha kuelekea Moshi kwa barabara kuu hupita Tengeru na Usa River, kisha hufika mahali paitwapo Maji ya Chai. Jina hilo limetokana na mto upitao hapo, ambao maji yake yana rangi ya hudhurungi iliyofifia. Mgeni akiambiwa kwamba maji ya sehemu hizo huharibu meno, aghalabu huinyoshea kidole rangi hiyo. Hapo ndipo anapokosea. Kinachoharibu meno ni floridi, nayo haina rangi wala harufu, na kwa viwango vinavyopatikana katika maji ya kunywa haina ladha. Maji meupe kabisa ya chemchemi yanaweza kuwa na floridi nyingi sawa na ya mto ule, au hata kuizidi.

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya meno ya kahawia ya watu wa Arusha. Makala hii inalitazama jambo hilo kwa upande ambao husahauliwa, yaani upande wa watumishi wanaokutana nalo kila siku: muuguzi wa zahanati, bwana afya, mhudumu wa afya wa kijiji na fundi wa maji. Kuanzia kata za mjini kama Engutoto hadi vijiji vya Leguruki na Ngarenanyuki, watumishi hawa ndio wanaoulizwa na wananchi, "Je, maji haya ni salama?" Swali ni fupi. Tutaona kwa nini jibu lake ni gumu, na ni nini kinachohitajika ili liweze kutolewa kwa haki.

FLORIDI INATOKA WAPI?

Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, ni volkeno. Mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910. Miamba na majivu yake yana sodiamu kwa wingi, kalsiamu kidogo, na floridi iliyofungwa ndani ya madini mbalimbali. Mvua inyeshapo juu ya mlima, maji hupenya ardhini, hupita polepole katika miamba hiyo na kuiyeyusha kidogo kidogo, kisha hutokea tena chini kama chemchemi na mito.

Wanafunzi wa kemia watakumbuka kwamba kalsiamu na floridi zikikutana katika maji kwa kiasi cha kutosha, huungana na kuwa floridi ya kalsiamu, chumvi ambayo haiyeyuki kwa urahisi. Chumvi hiyo huzama, na floridi iliyobaki katika maji huwa ndogo. Katika nchi yenye mawe ya chokaa, basi, maji hujisafisha yenyewe kwa kiasi fulani. Kandokando ya Meru kalsiamu haitoshi kufanya kazi hiyo. Sodiamu ndiyo iliyo nyingi, na floridi ya sodiamu huyeyuka vizuri. Kwa sababu hiyo floridi hubaki ndani ya maji na kusafiri nayo hadi kwenye ndoo ya mwananchi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 juu ya maji ya miteremko ya kusini na mashariki ya mlima huo ulionyesha kwamba mito ilikuwa na miligramu 12 hadi 26 za floridi kwa kila lita, na chemchemi miligramu 15 hadi 63. Katika mabwawa na maziwa ya magadi, ambamo maji hukaushwa na jua na chumvi hubaki, kiasi kilifika miligramu 60 hadi 690. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Msomaji anaweza kupima mwenyewe tofauti iliyopo.

Hata hivyo si kila chanzo cha maji kina hali hiyo. Chemchemi mbili zilizo karibu zinaweza kutofautiana sana, kwa kuwa kila moja imepita katika miamba yake na kwa muda wake. Kutokana na tofauti hizo, mtumishi hawezi kukisia. Akijua hali ya kijiji kimoja, bado hajajua ya kijiji jirani.

MADHARA YAKE MWILINI

Floridi kidogo ina faida. Hulikaza tabaka gumu la nje la jino, liitwalo enameli, na kulikinga lisioze. Ndiyo maana hutiwa katika dawa za meno. Ikizidi, mambo hugeuka. Enameli ya meno ya kudumu hujengwa ndani ya ufizi tangu utotoni hadi kama umri wa miaka 8. Mtoto anywaye maji yenye floridi nyingi katika miaka hiyo hujengewa enameli yenye vinyweleo na udhaifu. Jino huchomoza likiwa na madoa meupe kama chaki, na baadaye madoa hayo hushika rangi ya kahawia. Katika hali mbaya enameli humeguka. Kupiga mswaki hakuwezi kuondoa madoa hayo, kwani kasoro imo katika ujenzi wa jino lenyewe.

Madhara ya pili ni ya mifupa. Karibu floridi yote ibakiayo mwilini, kiasi cha asilimia 99, huhifadhiwa katika mifupa na meno. Mtu akinywa maji yenye floridi nyingi sana kwa miaka mingi, mifupa yake huwa mizito lakini isiyo imara, na viungo hukakamaa na kuuma. Kwa watoto, hasa wale ambao chakula chao hakina kalsiamu ya kutosha, miguu yaweza kupinda. Mambo haya hayakugunduliwa jana. Mwaka 1964 madaktari P. Grech na M. C. Latham walichapisha taarifa yao juu ya madhara ya floridi katika Mkoa wa Kaskazini wa Tanganyika, mkoa ambao Arusha ilikuwa sehemu yake. Tangu hapo imepita miaka zaidi ya 60.

MTIHANI WA MUUGUZI

Tumfikirie sasa muuguzi wa zahanati iliyo mlimani. Asubuhi ya siku ya kliniki mama amemleta mtoto anayeharisha. Muuguzi anamwambia, kama alivyofundishwa, "Mama, maji ya kunywa yachemshe." Ushauri huo ni sahihi na umeokoa maisha ya watoto wengi, kwa maana vijidudu vya kuhara hufa kwa moto. Floridi haifi, kwa sababu haina uhai. Maji yanapotokota mvuke huondoka, floridi hubaki.

Hesabu yake ni rahisi. Lita 10 za maji yenye miligramu 6 kwa lita zina jumla ya miligramu 60. Zikichemshwa mpaka zikabaki lita 8, miligramu 60 zimo bado, na kila lita sasa ina miligramu 7.5. Dawa ya klorini nayo huua vijidudu tu. Floridi huiacha kama ilivyokuwa.

Je, muuguzi aache kuwaambia akina mama wachemshe maji? La hasha. Kuhara kwaweza kumwua mtoto kwa siku chache, na floridi huchukua miaka kumdhuru. Lililo sahihi ni kuyapanga mashauri kwa utaratibu: kwanza kuchagua chanzo chenye floridi kidogo, kisha kuyachemsha maji ya chanzo hicho katika sufuria iliyofunikwa, na kuyaepua mara yakishatokota vizuri. Lakini ili muuguzi aweze kusema "chagua chanzo hiki, acha kile", lazima awe na matokeo ya vipimo vya vyanzo vyote vinavyotumiwa na watu wa eneo lake. Bila karatasi hiyo ukutani, anabaki na nusu ya ushauri.

Mtihani wa pili ni wa kuutambua ugonjwa. Mtoto mwenye matege anaweza kuwa amepungukiwa vitamini D au kalsiamu, au amezidiwa na floridi, au yote kwa pamoja. Mzee anayelalamika maumivu ya mgongo na magoti anaweza kuwa na baridi yabisi, au uchovu wa kazi za shamba, au mifupa iliyojaa floridi. Ili kutofautisha hali hizo huhitajika picha za eksirei na vipimo vya maabara, navyo si vifaa vya zahanati. Mtumishi hutoa dawa ya maumivu, mgonjwa hurudi nyumbani, na hunywa maji yale yale.

Mtihani wa tatu ni wa jikoni. Wengi hutia magadi katika maharage na makande ili yaive upesi na kuokoa kuni. Magadi yanayokwanguliwa ardhini au kuchotwa kandokando ya maziwa ya sehemu hizi yana floridi, na baadhi ya magadi hayo yana floridi nyingi mno. Watafiti wamekuta meno yaliyoharibika hata katika vijiji ambavyo maji yake yana floridi kidogo, na magadi yakaonekana kuwa moja ya sababu. Mtumishi anayetazama maji peke yake hataiona njia hii. Na akimwambia mama aache magadi, anamwongezea saa za kupika na mizigo ya kuni. Yafaa ampe na njia badala: kuloweka maharage usiku kucha kabla ya kuyapika, na kuimwaga ile maji ya kulowekea.

Lipo pia jambo la kumtia moyo. Maziwa ya mama huwa na floridi kidogo sana, hata pale mama mwenyewe anapokunywa maji yenye floridi nyingi. Mtoto anayenyonyeshwa maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, kama wataalamu wa afya washaurivyo, huwa na kinga nzuri. Hatari huanza pale uji wa mtoto unapopikwa kwa maji mabaya. Kwa hiyo familia ikiwa na ndoo moja tu ya maji mazuri kwa siku, ndoo hiyo iwe ya mtoto kabla ya kuwa ya mtu mzima.

Mwisho, tusisahau kwamba mtumishi naye ana nyumba na watoto. Muuguzi aliyehamishiwa mlimani akiwa na mtoto wa miaka 2 huchota maji pale pale wanapochota majirani zake. Anayoyaeleza kwa wengine ni ya kwake pia.

MTIHANI WA FUNDI WA MAJI

Mwaka 1971 Tanzania ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, kwa lengo la kumfikishia kila mwananchi maji safi karibu na makazi yake ifikapo mwaka 1991. Kwa mafundi wa Arusha, lengo hilo lilikutana uso kwa uso na kemia ya mlima. Kama wangevikataa vyanzo vyote vyenye floridi kupita kiwango cha dunia, vijiji vingi visingepata bomba. Hivyo viwango vya muda vya maji ya vijijini vya mwaka 1974 viliruhusu floridi hadi miligramu 8 kwa lita. Baadaye kiwango kilishushwa hadi miligramu 4, na siku hizi Tanzania inafuata 1.5.

Tufikirie maana ya mabadiliko hayo kwa fundi. Bomba alilolifungua akiwa na hakika kwamba linatimiza kanuni, lilihesabiwa baadaye kuwa halifai, ingawa maji yake hayakubadilika hata tone. Wananchi humwuliza, "Fundi, jana yalikuwa salama, leo yamekuwaje?" Akilifunga, watu watarudi mtoni, ambako kuna floridi na vijidudu pia. Akiliacha wazi, anajua anachokiacha kipite.

Kisha kuna suala la kupima. Matope huonekana kwa macho, chumvi huonjwa kwa ulimi, lakini floridi huhitaji maabara. Njia moja hutumia rangi nyekundu iliyounganishwa na metali ya zirkoniamu: floridi huinyang'anya rangi hiyo zirkoniamu yake, na rangi hupauka kadiri floridi inavyozidi. Njia nyingine hutumia elektrodi maalumu inayoitikia floridi. Njia zote mbili ni nzuri, lakini zinataka kemikali, umeme au betri, na mtu aliyefunzwa. Sampuli ya kutoka kijiji cha mbali husafirishwa mpaka mjini, na faida yake hutegemea kama majibu yatarudi kijijini kwa lugha ambayo kamati ya maji itaielewa.

MIFUPA YA NG'OMBE NA HESABU YA SIKU

Yapo maarifa ya kuondoa floridi, na baadhi yake yamejaribiwa papo hapo mlimani, katika kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji kilichoko Ngurdoto. Njia inayojulikana zaidi ni ya mkaa wa mifupa. Floridi hudhuru mifupa yetu kwa kuwa hupenda kushikamana na madini ya mfupa. Tabia hiyo hiyo hugeuzwa kuwa msaada: mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, husagwa kuwa chembechembe, na kutiwa katika chujio. Maji yakipita humo, floridi hushikwa na mifupa hiyo kabla ya kuifikia mifupa ya mnywaji. Uchomaji unataka uangalifu. Mifupa isiyoiva huyapa maji harufu na rangi mbaya; ikichomwa kupita kiasi huwa myeupe na kupoteza nguvu ya kushika floridi.

Njia ya pili ilibuniwa India katika miaka ya 1970 na kupewa jina la wilaya ya Nalgonda. Shabu na chokaa hukorogwa katika ndoo ya maji, mabonge hufanyika na kuzama pamoja na sehemu ya floridi, kisha maji ya juu huchujwa. Majaribio ya Ngurdoto yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha maji yenye miligramu zaidi ya 12 kwa lita yakishuka hadi kama 2. Hayo ni mafanikio makubwa, ingawa bado hayajafikia 1.5, na mwenye nyumba lazima apime dawa kila siku bila kukosea.

Siku za karibuni Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru imeendeleza kazi hiyo. Mwaka 2015 mwanasayansi wake, Dkt. Askwar Hilonga, alipata tuzo ya kwanza ya uhandisi kwa Afrika itolewayo na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali, ikiwa ni pamoja na floridi.

Machujio ya kushika floridi yana tatizo moja kubwa. Chujio la mkaa wa mifupa likijaa floridi halitoi dalili yoyote. Maji huendelea kutoka meupe na matamu, huku floridi ikipita yote. Tuchukue mfano. Chujio lina kilo 10 za mkaa wa mifupa, na tuseme kila gramu yaweza kushika miligramu 2. Uwezo wote ni miligramu 20,000. Familia yenye maji ya miligramu 8 kwa lita, ikichuja lita 30 kwa siku na kuyafikisha kwenye miligramu 1, huondoa miligramu 210 kila siku. Chujio litajaa baada ya siku 95 hivi. Katika bonde la pili maji yana miligramu 15. Humo chujio lile lile litajaa kwa siku 48 tu. Fundi anayebadilisha machujio yote kila baada ya miezi 3, bila kupima, atakuwa amewaacha watu wa bonde la pili wakinywa floridi kwa karibu nusu ya muda huo, nao wakiamini kwamba wamekingwa.

Kwa hiyo kugawa machujio ni mwanzo wa kazi. Yanayolinda meno ya mtoto ni ziara ya fundi kwa wakati wake, mkaa mpya ulio tayari kwa wakati wake, na kipimo cha kuthibitisha. Mambo hayo yana gharama ya kila mwezi, nayo aghalabu husahauliwa sherehe ya uzinduzi inapokwisha.

Pale inapowezekana, njia iliyo rahisi kuisimamia ni kubadili au kuchanganya vyanzo. Ndoo 2 za maji ya miligramu 6 zikichanganywa na ndoo 9 za maji ya miligramu 0.5, mchanganyiko huwa na miligramu 1.5 barabara. Mamlaka ya maji ya mji yenye visima vingi inaweza kufanya hivyo kwa kiwango kikubwa. Kijijini, maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati huwa na floridi kidogo sana. Tangi la shule au la zahanati laweza kutosha kwa kunywa na kupikia uji katika sehemu ya mwaka.

KAZI YA SHULE

Walimu na wanafunzi wana nafasi katika jambo hili. Darasa la jiografia linaweza kuchora ramani ya chemchemi, mito na visima vya kata yao, na kuomba kutoka kwa mafundi wa maji matokeo ya vipimo vya kila chanzo. Darasa la kemia linaweza kueleza kwa nini kuchemsha hakusaidii, na darasa la hesabu linaweza kukadiria muda wa chujio la shule kwa njia tuliyoionyesha. Nakala ya ramani hiyo ikibandikwa zahanati, muuguzi atakuwa amepata ile karatasi anayoihitaji.

Muuguzi na fundi wa maji wako chini ya wizara mbili tofauti, na kila mmoja anashika nusu ya habari. Muuguzi anayaona meno lakini hana kipimo cha maji. Fundi ana kipimo cha maji lakini hamwoni mtoto. Meno ya kudumu hujengwa mara moja tu, na miaka ile minane ya utoto haimngoji mtu. Mahali watumishi hawa wawili watakapoketi meza moja na ramani moja mbele yao, mama aulizaye kama maji haya ni salama atapata jibu lililopimwa.